Mgomba wa Mzuzu na Viwanja vya Mapinga

Apitaye leo njia ya Bagamoyo, akishaiacha Bunju na kuingia Mapinga, ataona mashamba ya jana yamekatwa viwanja, kuta zimeinuka, na nyuma ya kuta hizo aghalabu pamepandwa ukoka na miti ya urembo isiyozaa kitu cha kuliwa. Nami, bila ya kumnyima mtu haki ya kuupamba ua wake, naona ni israfu ya ardhi na ya maji kuwa mwenye nyumba aumwagilie ukoka asubuhi na jioni, kisha Ramadhani ikiandama amtume mtoto barabarani kununua mzuzu kwa bei apendayo muuzaji.

Mzuzu, ndizi ndefu iliyopinda, yenye vidole vichache vinene, hustawi uani kuliko shambani, na sababu yake ni dhahiri: shambani, baada ya mkungu wa kwanza, mazao yake hupungua upesi kwa kukosa mboji, bali karibu na jiko, palipo maganda, majivu na maji ya kuoshea vyombo, huendelea kuzaa. Mchanga wetu wa pwani hauweki maji; basi shimo na lijazwe samadi kabla ya masika, lichaguliwe chipukizi lenye majani membamba mfano wa upanga, na tunguu lake liambuliwe kwa kisu hata weupe uonekane, ili fukusi wasihamie pamoja nalo. Kila shina liachiwe mama, binti na mjukuu, wengineo wang'olewe bila huruma (jambo ambalo wengi wetu hawaliwezi), na tunguu likichomoza juu ya ardhi lirundikiwe udongo, kwani kusi haiusamehe mgomba wenye mkungu.

Ama mapishi yake ni ya asili ya kale. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuwa wenyeji walimwandalia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa; sisi twapika kwa nazi, na mzuzu mbivu hupasuliwa, uzi wake wa katikati ukatolewa, ukachemshwa kwa tui jepesi na iliki, tui zito likatiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Kwa futari hiyo ganda sharti liwe limeingia weusi. Wa manjano safi, uvutiao macho, hubaki mgumu kinywani. Hapo ndipo mwenye mgomba humshinda mnunuzi, kwa kuwa yeye huungoja mkungu mpaka vidole vijae, akautundika jikoni na kukata chane moja moja ziivavyo, ilhali mwenzake hula uliokatwa mchanga, ukavumbikwa ili uuwahi mfungo.