Tuachieni Kivuli

Sisi wazee wa Lodwar na Kakuma, huku Turkana, hatudai bustani ya maua. Tunadai kivuli. Ikifika saa tano asubuhi nyumba ya mabati haikaliki. Zamani mtu alibeba ekicholong, kigoda chake, akaenda chini ya ewoi, yaani mgunga, na kuwakuta wenzake. Pale tulikata kesi, tukapatanisha wagomvi, tukacheza bao kwenye mashimo ya mchangani. Kivuli kikihama, nasi tulihama nacho hadi jioni. Mzee asipoonekana siku mbili alifuatwa kwake.

Leo miti hiyo iko wapi? Mingine imepisha majengo, mingine imeishia kwenye magunia ya makaa. Kakuma ndiyo imezidi: tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe mwaka 1992, nyika hii hii imetoa kuni za kulisha umati mzima. Wakimbizi hatuwalaumu. Mama mwenye watoto wenye njaa atapika tu, na humo kambini wamo wazee wenzetu kutoka Sudan Kusini na Somalia wanaochomwa na jua lile lile. Kinachostawi sasa ni miti ya mathenge. Kivuli inacho, kweli, lakini nani atakaa humo? Matawi yameinama hadi chini na mwiba wake unatoboa hata akala.

Kliniki wanatuambia: mzee, tembea kila siku, presha itashuka. Tutembee wapi, kando ya lami tukikwepa bodaboda? Tukijifungia ndani magoti yanakaza, usingizi unapotea, na wajane wanashinda kutwa bila wa kusema naye. Shilingi elfu mbili za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, tunazishukuru zinapofika, lakini hazituletei mtu wa kuzungumza naye. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inatupa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Mambo ya jamii hapa Turkana huamuliwa chini ya mti!

Wakubwa huja kupanda miche, wakapigwa picha, wakaondoka. Baada ya wiki chache mbuzi wameshamaliza kazi. Tunachotaka ni hiki: kila mtaa utengewe uwanja, ipandwe ewoi na mwarobaini, izungushiwe ua wa miiba, na kijana mmoja alipwe kuimwagilia mpaka mizizi ishike. Na ewoi iliyokwisha kusimama isiguswe na panga kabla wanaokaa chini yake hawajaulizwa.