Tanki Likae Tupu Wiki Sita

Kwenye mkutano wa darasa uliopita wengi walinyoosha mikono kuunga mkono wazo la kuweka tanki la samaki wa baharini kwenye maabara yetu ya kufundishia. Lita 200, taa ya buluu, na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao kila mtu anawaita Nemo tangu filamu ile ya mwaka 2003. Wazo zuri, hata mimi nimelipenda. Ila ratiba iliyopendekezwa, tanki linunuliwe Ijumaa na samaki Jumamosi, ni ratiba ya mazishi. Kabla hatujaanza kuchanga hela za bumu, naomba nisikilizwe.

Tumezoea kusema samaki wa baharini ni dhaifu, eti ukimtazama vibaya tu anakufa. Sikubaliani. Huyu samaki anaishi kwenye mwamba, katikati ya mawimbi na wanaotaka kumla, na anamudu. Asichokizoea ni maji yanayobadilika ghafla. Bahari ina chumvi ya kama gramu 35 kwa lita, leo na kesho na mwakani. Kwenye kitanki chetu mambo yanaweza kugeuka kati ya asubuhi na jioni.

Kubwa kuliko yote ni amonia. Samaki huitoa mwilini muda wote, nyingi kupitia kwenye matamvua. Baharini inapotea, kwenye tanki inarundikana, na ni sumu. Wokovu wake ni bakteria: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Sasa, hao bakteria hawapo kwa wingi wa kutosha kwenye tanki jipya. Wanahitaji kama wiki nne hadi sita kuongezeka kwenye mawe na chujio. Unaweka maji ya chumvi, unawasha pampu, unatupia kamba mmoja wa sokoni aoze humo, unasubiri. Amonia na nitriti zikisoma sifuri zote mbili, ndipo unakwenda kununua samaki. Mmoja au wawili kwanza, si kumi.

Najua mtu atauliza: wiki sita tunaangalia maji? Ndiyo! Jamani, sisi ni walimu watarajiwa. Mzunguko wa naitrojeni tumeuchora ubaoni kwa mishale mara ngapi, tukafuta, tukasahau? Hapa tungeupima kila wiki na kuchora grafu: amonia inapanda, inashuka, nitriti inapanda, inashuka. Kwangu mimi hilo tanki tupu lina somo kubwa kuliko lenye samaki.

Halafu kuna mambo ya hapa hapa Dar. Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi vinasisitiza hita. Sisi shida yetu ni kinyume: mwezi wa pili ile maabara inachemka, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Feni inayopuliza juu ya maji inasaidia sana, lakini inaharakisha maji kupungua. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: maji yakipungua wanaongeza maji ya bahari. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Unatakiwa kuongeza maji baridi yasiyo na klorini, la sivyo kila siku tanki linazidi kuwa chumvi.

Umeme nao. Ukikatika, pampu inasimama na hewa inaanza kuisha humo ndani. Pampu ndogo ya betri ya kupulizia hewa inunuliwe kabla ya taa ya buluu, tafadhali.

Samaki gani? Kuna aliyesema tukawakamate wenyewe Mbudya. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo tusahau. Hao akina Nemo siku hizi wanazalishwa kwenye matanki, wanakula chakula cha kawaida, na hata hawalazimiki kuwa na anemoni. Hao sawa. Samaki-kipepeo, pamoja na uzuri wake, aachwe alipo, maana aina nyingi hula matumbawe hai na atakufa njaa mbele ya bakuli la chakula. Vilevile yule mdogo mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake kwa kula vimelea vyao. Kwenye tanki letu atamsafisha nani?

Mgeni yeyote akae peke yake kwenye ndoo kubwa yenye chujio kwa wiki nne au zaidi. Ugonjwa wa madoa meupe una ujanja: madoa yakipotea unashangilia, kumbe kimelea kimeshuka chini kuzaliana na kitarudi na jeshi.

Swali ambalo mkutano haukuligusa kabisa ni likizo ndefu. Kuanzia mwezi wa saba chuo kinakuwa kitupu. Nani atawalisha, nani atapima chumvi, nani atafungua mlango wa maabara Jumapili umeme ukikatika? Tusiseme mlinzi. Mlinzi ana kazi yake na hakunyoosha mkono.

Mimi nitakuwepo hadi katikati ya mwezi wa nane kwa sababu ya mazoezi ya kufundisha, na niko tayari kuchukua zamu hadi siku hiyo. Wakipatikana wengine wawili wa kumalizia hadi chuo kifunguliwe, majina yao yakaandikwa kabla hela haijatoka, kura yangu ni ndiyo. Wasipopatikana, nitapiga hapana, na nitaomba mkutano ujao tujadili kufuga perege.