Mti Ulioungua Bado Una Mbao

Kila kiangazi moto hupita katika mashamba ya miti ya Mufindi na Kilolo. Huanzia kwa anayesafisha shamba, anayerina asali au anayewinda, na kufikia jioni misindano iliyotunzwa miaka kumi na mitano imesimama myeusi. Mwenye shamba hushika kichwa akisema yamekwisha. Mara nyingi wa kwanza kumfikia ni dalali, mwenye bei ya kutupa.

Ndugu wasomaji, hayajakwisha. Kwenye msindano uliokomaa, gome huukinga moyo wa mti: moto huua mti, lakini mbao ndani hubaki nzima. Tofauti na mkaratusi, msindano uliokufa hauchipui, hivyo kungoja hakusaidii. Adui sasa ni muda. Wadudu hutoboa, na ukungu huleta rangi ya bluu. Rangi hiyo huharibu sura ya mbao kuliko nguvu yake. Matundu na uozo ndivyo huimaliza. Kwa hiyo magogo yachanwe ndani ya wiki chache, kabla ya mvua. Gome lenye masizi liondolewe kwanza, maana mkaa hufanya msumeno butu. Mbao zipangwe kwa vijiti katikati zipate hewa. Miti midogo iwe mirunda au kuni.

Hapa Kanisa lina nafasi. Parokia zetu hujenga vigango na kutengeneza mabenchi kila mwaka, na kenchi haidai mbao yenye sura nzuri. Halmashauri ya walei ikisikia shamba la muumini limeungua, imfikie kabla ya dalali na inunue kwa bei ya haki. Jumuiya ndogondogo zimsaidie kukata na kubeba. Hiyo si sadaka. Ni biashara inayomwezesha kulipa ada na kununua miche.

Wapo watakaosema tutawashawishi watu kuchoma misitu ili wapate mbao. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini anayechoma hufaidika pale tu mbao iliyoungua inaponunuliwa kwa bei ya kutupa. Bei ya haki, inayolipwa kwa mwenye shamba mwenyewe mbele ya serikali ya kijiji, humnyima faida hiyo. Na magogo ya Sao Hill si ya kuokota: yana mwenyewe, Wakala wa Huduma za Misitu, na bila kibali chake ni wizi.

Baada ya umati kushiba, Bwana aliagiza mabaki yakusanywe, na vikajaa vikapu kumi na viwili. Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alitukemea kwa utamaduni wa kutupa. Tusiyahubiri hayo altareni huku mbao za jirani zikiozea mlimani. Kikao kijacho cha halmashauri kiamue mapema nani atapiga simu, nani ana mashine ya kuchana, na fedha itatoka fungu gani, kwa maana moto hausubiri kikao.