Mgonjwa naye anahitaji mwalimu wa darasa

Najua nimepotea, test zilifuatana kama siafu na bumu lenyewe mnajua lilivyo. Leo sileti mambo ya hosteli. Nataka niseme la mjomba wangu, maana limenikaa kooni tangu likizo.

Mjomba ni mchimbaji mdogo. Alianzia Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini, akahamia Kakola upande wa Kahama, mwisho Nyarugusu kule Geita. Wachimbaji ndivyo walivyo, wakisikia kuna duara limetema dhahabu mahali, kesho hawapo. Kikohozi kilimwanzia Kakola. Akaenda kutibiwa, akanunua daftari la shule pale nje kama kawaida yetu, akaandikiwa dawa. Alipohamia Nyarugusu daftari lilibaki geto, akanunua jingine. Dawa zilezile. Aliporudi nyumbani kaisha mwili, jingine tena. Madaftari matatu, mtu mmoja, na kila likifunguliwa jipya anaanza upya kama mgeni. Miezi saba jamani!

Aliyemsaidia ni nesi mmoja wa kijijini, na hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alimuuliza tu: baba, unafanya kazi gani? Tangu lini? Umepita wapi? Mjomba akasema anafanya kazi kwenye duara na kwenye karasha. Hapo hapo nesi akaagiza apimwe makohozi. TB. Yule nesi alijua kwamba vumbi la mawe likikaa kwenye mapafu miaka na miaka, TB inampata mtu kirahisi zaidi. Wale wa mwanzo nao pengine walilijua hilo. Ila walikuwa na daftari tupu mbele yao na foleni ndefu nyuma yake.

Sasa mimi ni mwalimu mtarajiwa, nafikiria kishule. Mtoto akihama shule anahama na karatasi zake, na huko anakokwenda anakabidhiwa kwa mwalimu wa darasa. Masomo anafundishwa na walimu wengi, lakini yuko mmoja anayejua kwamba huyu wiki hii hakuja, huyu anasinzia, huyu nyumbani kuna tatizo. Mgonjwa wetu ana walimu wa masomo tu. Mama mwenye presha na sukari anapangiwa kliniki Jumanne kwa hiki, Alhamisi kwa kile, nauli mara mbili, na hakuna anayeona kurasa zote.

Msiniambie haiwezekani, maana hapa hapa Shinyanga imewezekana. M-mama ilianza na Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Mama mjamzito akipata dharura, inapigwa 115 bure, mtu mmoja anapokea, anatafuta gari la wagonjwa, likikosekana anaita dereva wa kijijini aliyeandikishwa na atakayelipwa, na hospitali inaambiwa mgonjwa yuko njiani. Wameunganishwa tu watu waliokuwepo. Hata mjomba, alipoingia kwenye dawa za TB, mambo yalibadilika: kadi moja, dawa bure miezi sita, akapimwa na virusi siku hiyo hiyo. Kumbe tunajua kufanya! Shida ni kwamba mpaka ugonjwa upate jina, mtu anatangatanga peke yake.

Najua mtasema manesi ni wachache. Kweli kabisa. Lakini mjomba mmoja kahudumiwa upya mara tatu, hiyo nayo si kazi ya manesi? Kumsikiliza vizuri mara moja kungeokoa muda wa wote.

Mwaka 1978 kule Alma-Ata nchi za dunia zilikubaliana kwamba afya ya msingi ianzie pale watu wanapoishi na kufanyia kazi. Kwa ukanda wetu hapo pana maana moja: kwenye duara. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Naomba waanzie kwenye machimbo, na kila mwenye ugonjwa wa muda mrefu awe na mhudumu mmoja anayemjua kwa jina, anayempigia simu akihama na kumkabidhi kwa mwenzake wa huko. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni Novemba 2023, ni jambo zuri, lakini kadi inalipa tu, haiulizi "baba umepita wapi?"

Mjomba kamaliza dawa. Pumzi haijarudi yote, kupanda kilima anasimama mara mbili. Yale madaftari mawili yaliyobaki shangazi anaandikia hesabu za mchele. Kurasa nyingi zilikuwa nyeupe bado.

Nawasilisha.