Aliyekimbia Si Aliyekufa

Na Mwalimu Ramazani

Katika mambo yanayofarakanisha jamaa za Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, siku hizi, sidhani kama liko lipitalo mirathi ya wazee waliofariki wakati wa vita. Maana vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998 viliwatawanya watu, hata baba akazikwa huku, mjane akavuka Ziwa Tanganyika na watoto mpaka kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, na ndugu mmoja tu wa marehemu akabaki nyumbani, akalima, akajenga, na kwa kupita miaka akaihesabu parseli, yaani kiwanja cha marehemu, kuwa ni milki yake. Tangu mwaka 2005, meli zilipoanza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka, daawa za namna hii hazijakoma.

Huanza kwa upole. Baba mdogo humkaribisha mtoto wa kaka yake, humwandalia ugali wa muhogo na ndagala, humwonyesha kaburi la mzazi wake; lakini siku kijana aulizapo habari ya michikichi iliyo nyuma ya nyumba, na ya kile kipande cha barabarani ambacho sasa kinakaliwa na mgeni aliyekinunua, hutolewa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya kidole cha muuzaji na majina ya mashahidi wawili, ambao mmoja amekwisha kufa na wa pili ni shemeji yake muuzaji.

Hoja ya baba mdogo si ya kudharauliwa. Yeye ndiye aliyelala porini askari walipopita, ndiye aliyeezeka nyumba upya baada ya mabati kuibwa, na kwa desturi ya Wabembe ardhi hufuata ukoo wa baba, naye ni mtu wa ukoo huo. Hata hivyo, mwenye kutunza amana hustahili shukrani na kurudishiwa gharama zake. Utunzaji, hata ukidumu miaka ishirini, haumgeuzi mtunzaji kuwa mrithi.

Sheria ya nchi iko wazi. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, imewapa watoto wa marehemu, wa kike sawa na wa kiume, pamoja na wale wa nje ya ndoa aliowakubali angali hai, robo tatu za mali yake. Robo iliyobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu, na mjane amewekewa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Nao Waislamu wetu, ambao mafungu yao ni mengine, kwani mjane mwenye watoto hupata thumuni na binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, wanajua kwamba mrithi aliye ghaibu huwekewa haki yake mpaka habari zake zipatikane. Si sheria ya Dola wala ya dini inayomhesabu msafiri kuwa maiti.

Basi nawasihi wazee walio hai wasiwaachie watoto wao fumbo. Mwenye kujua kuandika na aandike wasia wote kwa mkono wake mwenyewe, atie tarehe na sahihi, aeleze mipaka ya parseli, madeni yake, na majina ya watoto wote bila kumruka aliye mbali. Asiyejua na aende kwa ofisa wa serikali aandikiwe. Na kikao cha matanga, ambacho mara nyingi hutawaliwa na mwenye sauti kubwa, kisigawe kitu kabla ya kuwataja wasiokuwapo. Wala shefu asitie muhuri katika mauzo ya parseli ya marehemu yeyote mpaka asomewe majina ya warithi wote, walio hapa na walio ng'ambo ya ziwa.