Mzazi, usiutupe mchezo wa mtoto, uwekee mwisho

Bila shaka umeyaona haya nyumbani kwako. Unarudi kutoka kazini jioni, umechoshwa na msongamano wa magari, na mtoto hata hainui kichwa kukuamkua. Macho ameyakaza kwenye simu, vidole gumba vinakwenda mbio, na ukimwita aje ale anakujibu, "Bado kidogo tu."

Kidogo hicho hakiishi.

Mwaka jana dada yangu aliitwa shuleni na kuambiwa kwamba mwanawe wa miaka 10 hasomi vizuri maandishi ya ubaoni. Walipokwenda kupima macho, kijana alipatikana na tatizo la kutoona mbali, akaandikiwa miwani. Dada alirudi nyumbani amepandwa na hasira, akaapa kwamba mchezo wa video hautaingia tena katika nyumba yake.

Nilimwambia yeye, na leo nakwambia wewe msomaji: adui si mchezo. Adui ni mchezo usio na mwisho.

Ili unielewe, turudi nyuma kidogo. Ninacho hadi leo kijimashine cha kuchezea kiitwacho Game Boy, ambacho kampuni ya Nintendo ya Japani ilikitoa mwaka 1989. Kikijumlishwa na ndugu yake wa rangi aliyekifuata, viliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani. Miongoni mwa michezo yake ni ule wa Spider-Man uliotolewa mwaka 1990, ambao ulitengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza na kuuzwa na LJN ya Marekani.

Kisa chake ni kifupi. Mke wa shujaa, Mary Jane, ametekwa nyara. Shujaa anaruka, anapiga ngumi, anarusha utando na kupanda kuta akikabiliana na mahasimu mmoja baada ya mwingine: Mysterio, Hobgoblin, Scorpion, Rhino, Doctor Octopus na mwishowe Venom. Ukimshinda huyo wa mwisho, kisa kimekwisha. Ukishindwa njiani, kama ilivyokuwa kawaida ya michezo ya siku hizo, unaishiwa na maisha na kurudi mwanzo.

Mashine yenyewe ilikuwa na breki zake. Ilitumia betri nne ndogo, nazo zilikuwa na gharama. Skrini yake haikuwa na taa, kwa hivyo jua likishatua na stima ikipotea, mchezo ulikufa wenyewe. Mtoto hangeweza kujifunika blanketi na kucheza hadi usiku wa manane, labda awe na tochi pia.

Sasa linganisha na michezo mingi ya simu. Haina hasimu wa mwisho. Ukimaliza hatua moja, nyingine iko tayari. Ukilala, simu inalia kukukumbusha kwamba kuna zawadi inayokungoja. Skrini inang'aa gizani na chaji haiishi upesi. Breki zote zimeondolewa, kisha tunamlaumu mtoto wa miaka 10 kwa kushindwa kusimama!

Hata hivyo, nisije nikakudanganya kwamba vya kale vyote vilikuwa dawa. Mwaka huo huo wa 1990, jarida la madaktari la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya Daktari Richard Brasington kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyecheza mchezo wa Nintendo kwa saa tano bila kupumzika. Aliishia kuugua maumivu makali ya kidole gumba, kwa sababu kano zake zilichoshwa na kubonyeza vitufe. Daktari aliyapa maumivu hayo jina la mzaha, "Nintendinitis". Nayo ile skrini hafifu ya Game Boy iliwafanya wengi wetu kukunja shingo na kuisogeza karibu na pua.

Kwa hivyo sikushauri ukimbilie sokoni kutafuta mashine kuukuu. Nakushauri uziazime breki zake.

Wala sikubaliani na wanaosema kuwa michezo hii ni sumu tupu. Mwaka 2006, madaktari wa New Jersey, Marekani, walichapisha utafiti uliofanyiwa watoto 112 wa umri wa miaka 4 hadi 12 waliokuwa wakingoja kufanyiwa upasuaji. Waliopewa mchezo wa kushika mkononi, huku mzazi akiwa kando, walipungukiwa na hofu kuliko waliokuwa na mzazi pekee. Mchezo ule ule unaokera mezani ulikuwa faraja mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Tofauti ni kwamba pale kulikuwa na mtu mzima karibu, na kulikuwa na mwisho.

Kuhusu macho, kutoona mbali aghalabu hurithiwa, na baba ya kijana wetu pia huvaa miwani. Lakini wataalamu wanakubaliana kwamba kukaza macho karibu kwa muda mrefu na kukosa kucheza nje huchangia. Ndiyo sababu Taiwan ilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kila siku. Mwanga wa jua haununuliwi, na hapa kwetu tunao tele.

Basi ufanye nini, mzazi?

Kwanza, mwisho upangwe kabla ya mchezo kuanza. Usimwambie mtoto "dakika kumi" kisha umkatize katikati ya vita. Hiyo ndiyo inayozua machozi. Mwambie, "Ukimaliza hatua hii, unazima." Mtoto huelewa mwisho wa kisa upesi kuliko mwisho wa dakika. Na ikiwa mchezo wenyewe hauna hatua wala mwisho, huo si wa kumpa mtoto.

Pili, kila baada ya dakika 20 ainue macho na kutazama kitu kilicho mbali, yapata mita sita, kwa sekunde 20 hivi. Mti wa jirani unatosha. Acheze penye mwanga, na asiiweke skrini puani.

Tatu, atoke nje. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa saa nzima ya mazoezi ya kumtoa jasho kila siku. Ikiwa mtaani kwenu hamna uwanja, hata kuruka kamba uani ni mazoezi.

Nne, simu isilale chumbani mwa mtoto. Iwekwe kwako, ichajiwe kwako.

Tano, zijue dalili za hatari. Shirika hilo liliingiza tatizo la uraibu wa michezo ya video katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Mtu hasemwi kuwa nalo kwa kuupenda mchezo tu. Ni pale anaposhindwa kujizuia, anapoutanguliza mbele ya masomo, chakula na marafiki, na kuendelea japo anaona unamdhuru, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi 12. Usingoje mwaka uishe. Ukiona mtoto anaelekea huko, zungumza na daktari. Vivyo hivyo akilalamikia kidole gumba kinachouma, au akiyakunja macho anapotazama mbali.

Dada yangu hatimaye alilegeza msimamo. Nilimwazima kijana ile Game Boy yangu kwa masharti: acheze Jumamosi, kando ya dirisha, miwani ikiwa usoni, na akiishiwa na maisha aizime. Juzi alinipigia simu kulalamika kwamba Rhino amemshinda tena. Nilimuuliza alifanya nini baadaye.

"Nilienda nje kucheza mpira, mjomba," akanijibu.

Mzazi mwenzangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Waliotengeneza mchezo wa simu hawakuuwekea mwisho. Uweke wewe.