Mafuta ni Yale Yale, Ngozi Si Zile Zile

Ipo lawama moja isiyokwisha katika nyumba za kambini, nayo huja mwisho wa mwezi, mishahara ikiisha kutoka. Mke wa koplo hupita mlangoni kwa mke wa sajenti, akasikia harufu nzuri ya asumini iliyotulia juu ya sandali. Huuliza jina la mafuta, akaenda kununua chupa ya namna ile ile kwa muuzaji yule yule. Kesho yake hujipaka, na mumewe akamwambia kwamba ananukia kama sanduku la nguo lililofungwa mwaka mzima. Hapo hufuata maneno. Muuzaji huitwa mwizi, mke wa sajenti husemwa kuwa ameficha siri yake, na fedha ya sukari imekwisha kwenda. Aghalabu hakuna aliyeiba wala aliyeficha. Mafuta yametoka katika pipa moja. Kilichotofautiana ni ngozi iliyoyapokea, na pua iliyoyahukumu.

Mafuta yanayosemwa hapa ni yale yaliyochanganya ua na mti: ua juu, mti chini. Watu wa Pwani wanayajua tangu zamani, kwani bibi harusi wa Unguja na Mombasa husingwa kwa liwa, yaani sandali iliyosagwa juu ya jiwe, na asumini hutungwa zikavaliwa nywelani. Lakini mafuta ya chupa yenye sifa kubwa ya namna hii ni yale ya India, hasa ya mji wa Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh. Huko maua hutiwa pamoja na maji katika chungu kikubwa cha shaba, kifuniko kikazibwa kwa udongo, na moto ukawashwa chini yake. Mvuke hupita katika mrija wa mwanzi hadi kwenye chombo cha pili kilichokaa katika maji baridi. Ndani ya chombo hicho cha pili mna mafuta ya sandali yanayongoja, na harufu ya maua ikifika huingia humo ikakaa. Kazi hiyo hurudiwa siku baada ya siku kwa maua mapya, mpaka sandali iwe imeshiba. Askari polisi wengi watautambua mtambo huo mara moja, kwa kuwa wamevunja mingi inayofanana nao, ingawa iliyokuwa ikitonesha kitu kingine kabisa.

Hesabu ya maua huonyesha kwa nini bei ni kali. Ili kupata kilo 1 ya mafuta halisi ya waridi huhitajika kilo 3,000 hadi 4,000 za maua, na maua hayo sharti yachumwe alfajiri kabla jua halijayanyang'anya harufu. Sandali nayo ina shida yake. Mti huo haujitoshelezi wenyewe. Mizizi yake hushika mizizi ya miti jirani ikanyonya chakula humo, na moyo wake wenye harufu huchukua miaka mingi kukomaa. Kwa kuwa umekuwa adimu na ghali, watengenezaji wengi siku hizi hawatumii tena sandali katika chombo cha pili, bali mafuta ya madini yasiyo na harufu. Kwa hiyo chupa mbili zenye picha moja ya ua zaweza kuwa vitu viwili mbali. Yenye sandali ya kweli hubaki ngozini mpaka jioni. Yenye mafuta ya madini hutoa ua zuri la nusu saa, kisha hubaki utelezi tu. Kabla ya kuilaumu ngozi, yafaa kuichunguza chupa.

Uhaba huo umeleta balaa mpaka katika nchi hizi. Upo msandali wa Afrika Mashariki, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, umeao katika nyanda kavu za Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Wafanyabiashara waliokosa sandali ya India waliugeukia huo. Kwa vile mafuta yake yamo mizizini pia, mti haukatwi bali hung'olewa, na ukisha kung'olewa hakuna chipukizi litakalotoka. Isitoshe, miti hiyo ni ya kiume na ya kike, na wavunaji hupendelea ya kike. Basi anayeng'oa huondoa na mbegu za kesho. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 misandali ya Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu hapo shehena hupita usiku, chini ya magunia ya makaa. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabara akikwaruza kwa kisu kigogo asichokielewa, harufu tamu ya sandali humwambia anachokishika kabla ya karatasi yoyote kusomwa.

Na turejee kwenye ngozi, ambako ndiko kwenye kesi yenyewe. Harufu si kitu kimoja. Ni kundi la chembe nyingi zisizo na uzito sawa. Chembe za ua ni nyepesi, nazo huruka mapema. Chembe za sandali ni nzito, huruka polepole. Ngozi yenye joto huzisukuma zote ziruke upesi, ndiyo sababu watu hupaka kwenye kifundo cha mkono, shingoni na nyuma ya masikio, mahali damu ipitapo karibu. Mtu mwenye ngozi yenye mafuta ya asili huzishika zile chembe, akaziachia kidogo kidogo; kwake ua hudumu, na sandali huja taratibu. Mwenye ngozi kavu hawezi kuzishika. Ua humtoka mapema, akabaki na mti mtupu, na mti mtupu ndio unaofananishwa na sanduku la nguo.

Ukavu huo mara nyingi si wa kuzaliwa. Ngozi ya binadamu kwa kawaida ina uchachu mdogo unaoilinda. Sabuni ya kufulia, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo pia ya kuogea, huuondoa uchachu huo kwa saa kadhaa na kuchukua mafuta ya mwili pamoja na uchafu. Mwanamke aliyeshinda karoni akifua magwanda, kisha akaoga kwa kipande kile kile na kujipaka manukato, ameyaweka juu ya ukuta usioshika rangi. Dawa yake ni rahisi kuliko chupa mpya: apake kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo, angoje yaingie, ndipo adondoshe yale ya asumini juu yake. Wengi walioacha kulalamika waliponea hapo.

Jasho nalo lina sehemu yake, ijapokuwa husingiziwa kupita kiasi. Jasho likitoka halina harufu kubwa; vijidudu vya ngozini ndivyo vinavyoligeuza, na vijidudu hivyo havilingani kwa watu wawili. Chakula pia husema. Vitunguu saumu hutokea katika pumzi na katika jasho. Uwatu, ambao akina mama wa Pwani hunywa wakisha kujifungua, hulipa jasho utamu kama wa sukari iliyoungua, na asumini ikikutana na utamu huo huzaliwa harufu ya tatu ambayo haikuwamo chupani. Wengine huipenda. Kwa askari kuna moshi wa sigara, rangi ya viatu na mafuta ya bunduki, ambavyo hukaa mikononi hata baada ya kunawa. Si ajabu mafuta yale yale yakanukia vizuri shingoni mwake na kuchafuka kwenye kifundo cha mkono.

Asumini yenyewe ina siri inayostahili kutajwa. Ndani yake, pamoja na utamu wote ule, mna kitu kiitwacho indoli, ambacho kimo pia katika kinyesi. Kikiwa kidogo hulipa ua uhai na uzito. Kikizidi, au kikipata ngozi ya moto mahali pasipo na hewa, ua huanza kunuka badala ya kunukia. Lugha ya Kiswahili imetenga maneno hayo mawili kwa silabi moja tu, na asumini huruka mpaka huo kwa urahisi uo huo. Ndiyo maana tone moja husifiwa, na matone matano humfukuza mgeni.

Bado haijasemwa habari ya pua. Watu hudhani kwamba wote wanaosimama karibu na chupa husikia kitu kimoja. Sivyo. Mwaka 2013 wataalamu wa New Zealand walieleza jinsi watu wanavyotofautiana katika kuisikia chembe iitwayo beta-ayononi, ambayo hutumiwa sana katika manukato ya maua na miti. Tofauti ndogo katika urithi wa mtu, katika sehemu inayoitwa OR5A1, humfanya mmoja aisikie kama ua zuri na mwingine aisikie kwa shida, au kama kitu chenye uchachu. Wapo pia watu wasiosikia kabisa aina fulani za miski. Basi bwana akisema mafuta ya mkewe yana uchungu, huenda hasemi uongo, na mke akisema ni waridi tupu, naye hasemi uongo. Kadhalika mwenye kujipaka huacha kuyasikia baada ya muda mfupi, kwa sababu pua huchoka na harufu isiyoondoka. Akidhani yamekwisha huongeza, na jirani yake ndani ya basi hulipa gharama. Wajawazito wengi huchukizwa na harufu walizozipenda mwezi uliopita. Huyo asilazimishwe, wala chupa isitupwe.

Kuna jambo zito zaidi ya fedha. Zimevunjika nyumba kwa sababu ya shati. Mume hurudi kutoka zamu au safari, mkewe akachukua shati akalifue, akasikia humo asumini na sandali. Hukumbuka kwamba ni harufu ya fulani wa nyumba ya tatu, na kabla maji hayajachemka hukumu imekwisha tolewa. Lakini fikra hiyo ina tundu. Nguo haina joto la ngozi, haina mafuta yake, wala uchachu wake. Mafuta yakidondokea kitambaa hubaki yakinukia karibu kama yalivyokuwa chupani. Harufu ya shati, kwa hiyo, yaweza kutaja jina la mafuta. Haiwezi kutaja jina la mtu. Mafuta yanayouzwa katika kila soko yako juu ya shingo mia, na katika basi lililojaa bega moja hugusa mabega kumi. Hakuna polisi atakayepeleka mahakamani shati linalonukia na kutaka mtu afungwe kwa ushahidi huo, na mke wa polisi hana haja ya kuukubali ushahidi ambao mumewe angeukataa kituoni. Kama lipo neno la kuulizwa, na liulizwe kwa mdomo, watoto wakiwa wamelala.

Anayetaka kununua pasipo kujuta afanye kama wafanyavyo wapimaji. Aende dukani bila kujipaka kitu, awe ameoga kwa sabuni isiyo na harufu kali. Adondoshe tone moja kwenye kifundo cha mkono na jingine kwenye leso, wala asisugue. Kisha aondoke na fedha yake mfukoni. Asikie baada ya robo saa, asikie baada ya saa mbili, asikie jioni. Leso itamwambia mafuta ni ya namna gani. Mkono utamwambia yeye ni wa namna gani. Tofauti ikiwa kubwa na isiyopendeza, mafuta hayo ni ya kupaka kwenye pindo la kanga, ambako yatatulia vizuri sana, na si ya ngozi yake. Muuzaji anayekataa tone moja lijaribiwe ana sababu yake.

Tahadhari ni chache lakini zishikwe. Uasili wa mafuta si kinga: hata ua safi huweza kumwasha mtu. Mafuta mapya yajaribiwe ndani ya kiwiko na kuachwa siku mbili. Ngozi ikiwa nyekundu, ikiwasha au kuvimba, yaoshwe na yasirudiwe. Mafuta yaliyotiwa maji ya maganda ya ndimu au ya machungwa machungu yasipakwe kabla ya kutoka juani, kwa kuwa jua huyageuza yakaunguza na kuacha mabaka meusi. Mtoto mchanga asipakwe manukato yoyote, hata kama bibi yake amesisitiza. Mama amjibu kwa heshima na aiweke chupa juu ya kabati. Na askari anayetoka kwenda doria porini aiache harufu nyumbani, kwani upepo hauchagui wa kumpelekea.

Chupa ikaliwe mbali na jiko na mbali na dirisha, kifuniko kikikazwa. Sandali nzuri huzidi utamu kwa miaka. Ua ndilo huchoka kwanza. Siku mafuta yatakapoanza kunukia kama mafuta ya kukaangia yaliyolala kikaangoni, hayo si ya kupakwa tena.